Nani Aliona Kwanza? Uchambuzi wa Kisa cha Sonona Katikati ya Matibabu ya Homa ya Ini C

## Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki kina matibabu mawili ya mtu mmoja. Ya kwanza yalifanyika zama za sindano za interferoni, miaka michache kabla vidonge vipya havijaidhinishwa. Ya pili yalifanyika kwa vidonge hivyo. Mgonjwa ameridhia kisa chake kisimuliwe. Jina, kazi, mahali na miaka nimeviondoa, na mambo machache yasiyogusa hoja nimeyageuza. Nitamwita Bi S. Mimi ni mshauri nasaha, na niliingizwa katika kisa hiki kuanzia wiki ya 13 ya matibabu ya kwanza. Yaliyotangulia nimeyapata kwenye faili, na kwa Bi S. na ndugu yake.

Kuna atakayeuliza interferoni ya nini leo, wakati homa ya ini C inatibiwa kwa vidonge. Interferoni haijaondoka. Bado hutumika kwa baadhi ya wagonjwa wa homa ya ini B na D, na kwa saratani fulani za damu. Ribavirini, dawa ya kumeza iliyokuwa ikiambatana na sindano hizo, nayo bado huongezwa kwenye vidonge vipya kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wale ambao ini lao limeanza kushindwa kazi. Zaidi ya hapo, waliopitia tiba ya zamani bila kupona wanarudi kliniki wakiwa na kumbukumbu ambazo hakuna kipimo cha damu kinachozionyesha.

## Usuli

Bi S. alikuwa na miaka arobaini na ushei, mjane, akiishi na binti yake wa miaka 14 na mdogo wake wa kike, nitakayemwita T. Virusi viligunduliwa alipokwenda kuchangia damu. Jenotaipu, yaani aina ya virusi hivyo, ilikuwa 1, na makovu ya ini yalikuwa daraja F3, yaani hatua moja kabla ya sirosisi, ini kujaa makovu. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 118,000, chini ya kawaida lakini si kiasi cha kuzuia tiba. Hakuwa na homa ya ini B wala VVU.

Tiba ya wakati ule ilikuwa sindano ya peginterferoni mikrogramu 180 mara moja kwa wiki, pamoja na ribavirini miligramu 1,000 kwa siku, kwa wiki 48. Mwenye jenotaipu 1 alikuwa na nafasi ya kupona iliyokaribia nusu, na makovu ya F3 yaliipunguza zaidi. Bi S. aliambiwa hivyo waziwazi, akakubali kuanza. Hoja yake ilikuwa moja: binti yake alikwisha kumpoteza baba.

Maandalizi ya mwili yalifanywa vizuri: picha kamili ya damu, tezi ya thairoidi, moyo, kipimo cha ujauzito, maelezo kuhusu uzazi wa mpango kwa sababu ribavirini hudhuru kijusi. Kuhusu akili, faili lina mstari mmoja. Aliulizwa kama amewahi kuugua ugonjwa wa akili, akajibu hapana.

Hakudanganya. Baada ya kufiwa na mumewe alipitia miezi mingi ya kutolala, kulia bila kuonekana na kukosa hamu ya lolote, lakini hakwenda hospitali, hakupewa dawa, na hakuna aliyemwambia kwamba ile hali ina jina. Swali lilitafuta cheti cha ugonjwa, na yeye hakuwa na cheti. Angeulizwa, "Je, umewahi kupitia wiki kadhaa ambazo hukulala, hukufurahia kitu, au uliona maisha hayana maana?" angejibu ndiyo. Na jibu hilo lingebadilisha mengi, kwa sababu aliyewahi kupata sonona yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuipata tena akiwa kwenye interferoni.

## Dawa inafanya nini kichwani

Interferoni ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza unapopambana na virusi. Ile homa, uchovu na hali ya kutaka kujifungia chumbani wakati wa mafua makali ni kazi yake kwa sehemu kubwa. Mgonjwa wa homa ya ini C alidungwa kwa kiwango cha juu, wiki baada ya wiki, karibu mwaka mzima.

Mojawapo ya mambo yanayotokea ni kwamba interferoni huamsha kimeng'enya kinachochukua triptofani na kuipeleka njia nyingine, na triptofani ndiyo malighafi ambayo ubongo huitumia kutengeneza serotonini, kemikali inayosaidia kudhibiti hisia. Wakati huohuo kemikali za uvimbe huongezeka mwilini na kuathiri usingizi, hamu ya kula na kasi ya kufikiri. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne alipata sonona kamili katika tiba hii, na wengi zaidi walipata sehemu yake: hasira, wasiwasi, usahaulifu.

Mpangilio wa muda ni muhimu kwa kisa hiki. Dalili za mwili, yaani uchovu, kukosa usingizi na kupungua hamu ya chakula, huja mapema, ndani ya wiki chache za kwanza. Dalili za moyo na fikra hufuata baadaye, mara nyingi kati ya wiki ya 8 na ya 12. Kwa hiyo mgonjwa anapofikia wakati wa hatari zaidi, kila mtu amekwisha kuzoea kumwona amechoka.

## Yaliyotokea: wiki ya 1 hadi ya 12

Sindano zilipangwa Ijumaa jioni, ili homa na maumivu ya viungo yaishie mwisho wa wiki. Ulikuwa uamuzi mzuri wa kikazi. Kwa nyumbani ulimaanisha kwamba siku mbili ambazo binti alikuwa na mama yake kutwa nzima ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote.

Wiki ya tatu usingizi ulikatika. Muuguzi aligundua kwamba Bi S. alikuwa akimeza dozi ya pili ya ribavirini karibu na saa ya kulala, akamwambia aimeze na chakula cha mapema jioni. Usingizi ulirudi kwa sehemu. Wiki ya sita hasira zilianza. Mtu aliyekuwa akijulikana kazini kwa upole alimfokea mwenzake mbele ya watu kwa jambo la dakika mbili. Nyumbani alitupa sahani ukutani kwa sababu ya kelele za redio. Baada ya kila tukio alijuta sana, na majuto hayo aliyahesabu kama ushahidi kwamba yeye ni mama mbaya. Akaanza pia kupoteza maneno katikati ya sentensi. Alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari, kisha anasahau daftari.

Ukiondoa usingizi, hakuna lolote kati ya haya lililofika kliniki. Wiki ya 9 himoglobini ilishuka hadi 9.8, na ribavirini ikapunguzwa hadi miligramu 600. Ziara nzima ilikuwa juu ya damu. Uchovu ulikuwa na maelezo, kutojali kulikuwa na maelezo, hata uso mzito ulikuwa na maelezo: ana upungufu wa damu. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililoyafanya yapotoshe.

Wiki ya 12 majibu yalionyesha virusi vimeshuka zaidi ya mara mia moja kulinganisha na mwanzo, ingawa bado vilionekana. Kwa kanuni za wakati ule hiyo ilitosha kuendelea. Daktari alimpongeza, akamuuliza, "Wewe mwenyewe unaendeleaje?" Akajibu, "Naendelea vizuri, daktari." Salamu kwetu ina jibu lake tayari, na anayeugua hulitoa kwa adabu ileile anayoitoa mzima.

Baadaye alinieleza sababu nyingine. Alijua kwamba akisema ukweli wangeweza kumsimamishia dawa. Tuna methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alificha madhara ya dawa kwa sababu alitaka kuishi. Sijaona mgonjwa wa interferoni aliyekuwa na uwezo kamili wa kuripoti hali yake ya akili. Kuna hofu ya kusimamishwa, kuna aibu, na kuna tatizo la tatu ambalo hatulizungumzii vya kutosha: akili inayopaswa kutoa ripoti ndiyo hiyohiyo iliyoguswa na dawa. Bi S. hakuona kwamba amebadilika. Aliona kwamba dunia imekuwa na kelele na watu wamekuwa wakorofi.

## Wiki ya 13

Simu ilipigwa na T. Hakuwa na namba ya daktari. Alipiga namba ya jumla ya kliniki, akasubiri, akahamishwa mara mbili. Alimwambia muuguzi, "Huyu aliye nyumbani si dada yangu. Jana ameniambia mtoto wake angekuwa salama zaidi mikononi mwangu." Muuguzi hakuandika ujumbe wa kumpa daktari kesho yake. Alimwomba T. asimwache dada yake peke yake na amlete siku hiyohiyo.

Bi S. alikuja amekasirika kwamba amechongewa. Alijaza dodoso la kupima sonona la PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3. Alipata 19 kati ya 27. Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, alilijibu "siku kadhaa".

Hapo ndipo nilipoitwa. Nilimuuliza bila kuzunguka kama amefikiria kujiua, kama ana mpango, kama amewahi kujaribu, na ni nini kimemzuia mpaka leo. Wengine huogopa kwamba swali hili hupanda wazo. Halipandi. Bi S. alikaa kimya, kisha akasema kwamba anatamani kutoamka, ila hajapanga lolote, na kwamba hawezi kumfanyia binti yake jambo hilo. Akaongeza, "Nilidhani ni mimi nimeharibika. Hakuna aliyeniambia dawa inaweza kufanya hivi." Fomu aliyoitia saini miezi mitatu kabla ilikuwa na neno "sonona" kwenye orodha ndefu ya madhara, kati ya "kuwashwa ngozi" na "kupoteza nywele".

## Maamuzi na sababu zake

Timu haikukubaliana. Daktari wa ini alitaka kusimamisha interferoni mara moja. Daktari wa akili aliona kuna nafasi ya kuendelea kwa masharti. Bi S. mwenyewe alitaka kuendelea, na matakwa yake yalipewa uzito lakini si uzito wote, kwa sababu mtu mwenye alama 19 anaweza kung'ang'ania tiba kama njia ya kujiadhibu. Aliulizwa tena siku mbili baadaye, baada ya kulala, akatoa jibu lilelile kwa sababu zilezile.

Kilichoamua ni mambo manne kwa pamoja: hakuwa na mpango wa kujidhuru wala historia ya kujaribu, alikuwa na mtu mzima nyumbani usiku na mchana, ini lake lilikuwa karibu na sirosisi, na virusi vilikuwa vinashuka. Kingekosekana kimojawapo kati ya viwili vya mwanzo, tiba ingesimama.

Interferoni ilipunguzwa hadi mikrogramu 135. Escitalopram, dawa ya sonona, ilianzishwa kwa miligramu 5, ikafikishwa 10 baada ya wiki moja. Kabla ya kuianzisha aliulizwa yeye na T. kuhusu vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, matumizi ya fedha yasiyo ya kawaida, au siku za kutolala bila kuchoka, kwa sababu interferoni inaweza kuleta pia hali hiyo ya kupanda, na dawa ya sonona ingeichochea. Haikuwepo. Duloksetini, dawa nyingine ya sonona, iliepukwa kwa sababu haifai kwa ini lililoathirika, na dawa za kizazi cha zamani ziliepukwa kwa sababu ni hatari mno zikimezwa nyingi. Kwa kuwa dawa za kundi la escitalopram huongeza kidogo uwezekano wa kutoka damu, na chembe sahani zake zilikuwa chache, alikatazwa aspirini na ibuprofeni. Dawa zote za nyumbani zilihamia kabatini kwa T., naye akawa anatoa za siku moja tu.

Kisha yakaandikwa masharti ya kusimamisha, kwenye karatasi moja, nakala tatu: mpango wowote wa kujidhuru, kuona au kusikia visivyokuwepo, hali ya kupanda, PHQ-9 kuvuka 20, au kutopata nafuu yoyote baada ya wiki nne. Karatasi hiyo ilimtuliza Bi S. kuliko kidonge cha wiki za mwanzo. Hofu yake kwamba neno moja lisilo sawa litamkosesha tiba ilipata mipaka. Sasa alijua ni lipi litakalomkosesha na ni lipi anaweza kulisema bila woga.

T. aliteuliwa kuwa mwangalizi, kwa ridhaa ya maandishi ya dada yake. Alipewa namba ya moja kwa moja na maswali matano ya kujibu kila Jumatatu: analala saa ngapi, amekula, amecheka, amefoka mara ngapi, amesema nini kuhusu kesho. Majibu yake na PHQ-9 yalikaa ukurasa mmoja na himoglobini.

## Nyumbani, wiki ya 14 hadi ya 24

Dawa ya sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonyesha kazi, na wiki hizo lazima zivukwe kwa njia nyingine. Familia ilikubaliana mambo machache ya kawaida kabisa. Hakuna uamuzi mkubwa wala mazungumzo ya ugomvi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Bi S. akihisi hasira inapanda anainua mkono na kutoka chumbani, na hakuna anayemfuata kumuuliza kulikoni. Redio inasikilizwa kwa visikizi vya masikioni. Kazini alimweleza mkuu wake kwamba yuko kwenye tiba inayoathiri kumbukumbu, bila kutaja ugonjwa, akapewa kazi za asubuhi.

Kuna kauli moja iliyosaidia na kudhuru kwa wakati mmoja: "Hiyo ni dawa inayosema, si mama." Ilimpunguzia Bi S. hatia. Lakini binti aliisikia kama amri ya kutoumia. Niliomba waibadilishe iwe hivi: dawa imefanya hasira iwe kali, na bado maneno yale yalikuuma, na mama atakuomba radhi. Bi S. aliomba radhi. Ilichukua muda kuzoeleka.

PHQ-9 ilishuka hadi 14 wiki ya 16 na hadi 8 wiki ya 20. Wazo la kutoamka liliondoka kabla ya usingizi kutengemaa. Wiki ya 22 uchovu ulirudi kwa nguvu na alama zikapanda hadi 12, na mapendekezo ya kwanza yalikuwa kuongeza escitalopram. Muuguzi alisoma majibu moja moja badala ya jumla. Alama zilizopanda zilikuwa za uchovu, kupungua kasi na umakini. Huzuni, hatia na swali la tisa havikusogea. Kipimo cha thairoidi, kilichokuwa sawa wiki ya 13, sasa kilionyesha tezi imelala, yaani haifanyi kazi ya kutosha. Interferoni hufanya hivyo kwa baadhi ya wagonjwa. Levothyroksini, homoni ya tezi hiyo, ilianzishwa, na baada ya wiki kadhaa akaanza kujisikia kuwa na nguvu.

Wiki ya 24 virusi bado vilionekana. Kwa kanuni, hapo tiba husimamishwa kwa sababu nafasi ya kupona imekuwa ndogo mno. Ikasimamishwa.

## Baada ya kushindwa

Ratiba ya kliniki ilimpangia arudi baada ya miezi mitatu. Wale walioacha interferoni walihesabiwa kuwa wametoka hatarini, jambo ambalo si kweli. Mawazo ya kujidhuru yanaweza kujitokeza hata miezi baada ya sindano ya mwisho. Kwa Bi S. kulikuwa na kushindwa kwenyewe. T., kwa karatasi yake ya Jumatatu, alipiga simu wiki ya pili: dada analala mchana kutwa na ameanza tena kuzungumza kuhusu nani atamlea mtoto. PHQ-9 ilikuwa 15.

Escitalopram haikusimamishwa pamoja na interferoni, na hilo lilikuwa jambo jema. Iliendelea kwa miezi mingine tisa, kisha ikapunguzwa taratibu. Nilimwona kila wiki kwa muda. Sehemu kubwa ya mazungumzo hayo haikuwa kuhusu virusi bali kuhusu mumewe, ambaye hakuwahi kumlilia mbele ya mtu.

## Matibabu ya pili

Miaka kadhaa baadaye vidonge vya sofosbuvir pamoja na velpatasvir vilipatikana. Vilikuwa vimeidhinishwa Marekani mwaka 2016: kidonge kimoja kwa siku, wiki 12, na wanaopona ni zaidi ya 95 kati ya 100. Bi S. alikataa. "Afadhali nikae na virusi," alisema, "kuliko kumrudisha yule mtu nyumbani kwangu."

Hatukubishana naye kwa takwimu. Tulimwomba kwanza ajaze daftari fupi la kila siku kwa wiki mbili bila dawa yoyote: usingizi, hasira, machozi, umakini. Sababu ni kwamba vidonge hivi navyo vimeorodheshewa uchovu, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi kwa baadhi ya watu, na mtu mwenye kumbukumbu mbaya atalibandika kila chozi kwenye dawa mpya. Daftari la kabla lilionyesha kwamba hata bila dawa alikuwa na usiku mbili au tatu mbaya kwa wiki.

Lilionyesha pia jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikuwa akimeza kirutubisho cha mitishamba kwa ajili ya huzuni, na kilikuwa na mmea wa Hypericum perforatum. Mmea huo hupunguza kiasi cha sofosbuvir na velpatasvir mwilini, na unaweza kuharibu tiba nzima. Karbamazepini, fenitoini na rifampisini zina tatizo hilohilo, kwa hiyo anayetumia dawa za kifafa, za kutuliza mihemko au za kifua kikuu lazima aziseme kabla. Bi S. alikiacha kirutubisho, tukangoja wiki mbili zaidi ili athari yake iishe. Homa ya ini B ilipimwa upya, kwa kuwa virusi vya B vilivyolala vinaweza kuamka C inapoondolewa.

Wiki ya pili ya vidonge alipiga simu akilia: imeanza tena. PHQ-9 ilikuwa 7. Tulipoweka daftari la kabla na la sasa pamoja, siku nyingi zilifanana. Zilizotofautiana zilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni mwili wake ulikuwa ukitetemeka na tumbo kukaza, ingawa kidonge alikuwa amekimeza asubuhi kama siku nyingine zote. Mwili ulikuwa unangoja sindano. Hatukuongeza dawa. Alipanga Ijumaa jioni awe nje ya nyumba pamoja na T., akaendelea na daftari, na kufikia wiki ya saba Ijumaa zilikuwa hazitofautiani na Jumanne.

Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho virusi havikuonekana. Amepona. Kingamwili zitabaki kwenye damu yake maisha yake yote, hivyo kipimo cha haraka kitaendelea kuonyesha kwamba aliwahi kuambukizwa. Kwa sababu ya F3 bado anapigwa ultrasaundi ya ini kila miezi sita. Alishangaa kwamba furaha haikuja siku ya majibu. Ilikuja ganzi, kisha hasira kidogo juu ya mwaka ule, kisha mambo yakarudi kuwa ya kawaida.

## Uchambuzi

Kilichookoa maisha katika kisa hiki ni jicho la mtu mwingine. Himoglobini hatumwombi mgonjwa aikadirie, tunaipima. Hali ya akili chini ya interferoni ilikadiriwa na mgonjwa mwenyewe, kwa sentensi moja, mbele ya mtu anayeweza kumnyima tiba. T. aliona mabadiliko wiki ya sita, akanyamaza wiki saba kwa sababu hakujua kwamba ni jambo la hospitali. Angeitwa kwenye kikao cha kwanza na kuambiwa, "Ukiona hasira isiyo ya kawaida yake, piga namba hii," tungepata habari mwezi mmoja na zaidi kabla. Si kila mgonjwa ana T., na mwangalizi asichaguliwe na kliniki. Wapo ambao mtu wa nyumbani ndiye chanzo cha hofu.

Hasira ilitangulia huzuni, na hilo lilimpoteza kila mtu. Anayelia huhurumiwa na kupelekwa hospitali. Anayetupa sahani hupewa mawaidha.

PHQ-9 ilifaa, kwa tahadhari. Maswali yake kadhaa kuhusu usingizi, chakula na uchovu yangejazwa na mgonjwa yeyote wa interferoni mwenye furaha zake. Ndiyo maana jumla peke yake haitoshi, na ndiyo maana tezi ya thairoidi ilikamatwa na muuguzi aliyesoma mstari kwa mstari. Kipimo cha thairoidi kilichokuwa sawa wiki ya 13 hakikuwa na la kusema kuhusu wiki ya 22.

Je, tungeanza escitalopram kabla ya sindano ya kwanza? Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2012 lilionyesha kwamba kufanya hivyo hupunguza sonona hata kwa wasiowahi kuugua. Kwa mtu mwenye historia kama ya Bi S., nadhani jibu ni ndiyo, ila historia hiyo ilipaswa kwanza iulizwe ipasavyo.

Swali gumu ni kama kupunguza dozi kulimnyima kupona. Bi S. ameniuliza hili zaidi ya mara moja. Ribavirini ilikwisha kupunguzwa wiki ya 9 kwa sababu ya damu, na virusi vilikuwa vinashuka polepole kabla interferoni haijaguswa. Wale ambao virusi vyao vilitoweka mapema ndio waliokuwa na nafasi nzuri. Hata hivyo dozi ndogo hupunguza nafasi, na sitamwambia kwamba haikuwa na athari yoyote. Ninachomwambia ni kwamba njia ya pili siku ile ilikuwa kusimamisha kabisa, si kuendelea na dozi kamili.

Kilichoshindwa vibaya kuliko vyote ni miezi mitatu ya ratiba baada ya tiba kusimama. Kliniki hiyo sasa humpigia mgonjwa wiki ya pili, ya sita na ya 12 baada ya dozi ya mwisho, awe amepona au hakupona, kisha hupiga simu nyingine kwa mwangalizi.

Binti hakuwa na faili. Alikuwa na miaka 14, aliishi na yote haya, na hakuna mtu wa kliniki aliyezungumza naye mpaka mama yake alipoomba, wakati wa matibabu ya pili. Alikuja mara moja. Swali lake lilikuwa kama ugonjwa ule wa hasira unarithiwa. Nilimjibu kwamba hasira ile ilitoka kwenye sindano, na sindano hairithiwi. Kuhusu virusi, alipimwa wiki hiyohiyo na hakuwa navyo.